Tabo Tusiyoifunga

Pikapu ilikuwa yetu wawili, mimi na mdogo wangu. Tuliinunua kwenye mnada katika miaka ile ya tisini, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa makambini na kazi ya kubeba watu na mizigo kati ya Kasulu na Kibondo ikawa haiishi. Yeye aliendesha. Mimi nilikaa kushoto kwake, nikapanga abiria, nikafunga turubai, na jioni nikaandika mambo ya siku kwenye daftari. Nasema hivi mapema ili ijulikane nani alishika usukani na nani alishika kalamu, maana mwenye kalamu ni rahisi kujipendelea.

Injini ilikuwa ya dizeli, ya kawaida, isiyo na tabo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu. Penye tambarare haikuwa na neno. Mlimani, ikiwa na magunia ya maharage na watu juu ya magunia, ilipanda kwa gia namba moja huku ikitema moshi mweusi. Siku moja abiria alishuka, akaingia porini kujisaidia, akatoka akatukuta mbele kidogo tu. Hilo lilitokea kweli, sisemi kwa mfano.

Njia ile ile kulikuwa na pikapu nyingine yenye tabo. Uliisikia kabla ya kuiona: mluzi mwembamba unaopanda pamoja na mlima. Ikishatupita, abiria wetu walianza utani.

"Dereva," alisema mama mmoja mwenye tenga la kuku, "huyu mtetea wangu akitaga kabla ya Makere, yai ni lako."

"Mwache, mama," mzee mmoja alimjibu kutoka nyuma. "Anatupeleka taratibu ili tusichoke kabla ya kufika mbinguni."

Mdogo wangu alicheka nao. Mimi niliyekaa naye karibu niliona jinsi alivyoubana usukani.

Lakini nisiseme kwamba alitaka tabo kwa sababu ya kutaniwa. Kulikuwa na jambo jingine. Asubuhi moja tulimchukua mama mjamzito kumpeleka hospitali Kabanga, uchungu umeshamshika. Mlima wa mwisho tulipanda kama tunasukuma kwa mikono. Alijifungulia garini, juu ya turubai langu, wanawake wamemzunguka na kanga zao. Mtoto aliishi na mama aliishi. Mdogo wangu aliosha gari peke yake, hakutaka nimsaidie, akaniambia, "Kaka, safari ijayo hatutabahatika."

Ndipo akaipata tabo. Ilitoka kwenye gari lililopinduka, mwenye gari akawa anauza vipande. Aliileta nyumbani imefungwa gunia, akaiweka mezani mama yetu alipokuwa anachambua maharage. Ilifanana na konokono mkubwa wa chuma, na ukiingiza kidole ulikuta kijipanga kama cha feni ndani kinazunguka bila sauti. Moshi wa ekzosi unakizungusha, nacho kinaisindilia injini hewa ili ichome mafuta vizuri na kupata nguvu. Nilielewa hivyo. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini hilo nililielewa.

Tulikwenda kwa fundi pale Kasulu, Mkongomani aliyevuka ziwa na kuanza kazi chini ya mti wa mparachichi. Aliitazama injini yetu, akaitazama tabo, akajifuta mikono.

"Patron, kufunga nitafunga. Itapanda, na mtafurahi. Lakini hii moteri haikuzaliwa na hii kitu. Pistoni zake ni za mtu anayetembea, sasa wewe unataka akimbie."

"Atakimbia muda gani?" niliuliza.

"Ukimwendesha kwa heshima, muda mrefu. Ukimkanyaga na mzigo kila siku, hapo Mungu ndiye anajua."

Mdogo wangu alisema, "Nitamwendesha kwa heshima." Nikajua anasema kweli. Na nikajua pia kwamba tukiwa na nguvu watu wataongeza magunia, na mimi ndiye nitakayekubali magunia hayo. Sijui kwa nini sikulisema palepale.

Kwetu jambo la nyumba halikatwi kwa maneno matupu. Chungu cha pombe ya mtama kinawekwa katikati, mwenye jambo analitoa, na anayekubali anashika mrija wake na kunywa. Asiyekubali anauacha mrija, anasema sababu yake, na hakuna anayemwona mbaya. Nayasisitiza haya ya mwisho kwa sababu ndiyo yanayonihukumu. Kukataa kuliruhusiwa.

Mama aliandaa chungu. Alikuwepo baba mdogo na majirani wawili. Mdogo wangu alieleza vizuri: mlima, abiria, yule mama wa Kabanga, maneno ya fundi yote, hata yale ya kutisha. Hakuficha kitu. Kisha wote wakanitazama.

Nilikuwa sijaamua. Nilitaka siku mbili zaidi. Lakini mama alikuwa ananitazama kwa furaha, na niliona aibu kuufanya mrija usimame peke yake mbele ya wageni. Nikauinamia, nikavuta kidogo. Niliwaza kwamba kunywa kidogo ni kukubali kidogo. Baba mdogo akapiga makofi mara moja, akasema, "Basi limekwisha."

Usiku ule usingizi ulikuwa mbali. Asubuhi nilipanda baiskeli hadi kwa fundi. Mdogo wangu alikuwa ameshalipeleka gari, mwenyewe amekwenda kutafuta bomba dogo la kupitishia oili. Fundi alikuwa ameshafungua ekzosi na kuilaza chini.

"Acha," nilimwambia. "Rudisha kama ilivyokuwa."

"Ndugu yako anajua?"

"Mimi ndiye mkubwa."

"Sikuuliza nani ni mukubwa, patron."

Hata hivyo alirudisha. Alikuwa amemaliza kukaza nati ya mwisho mdogo wangu alipofika na bomba lake, limeviringishwa kwenye gazeti. Alitazama chini ya boneti, akatazama tabo iliyokaa juu ya tofali. Hakupaza sauti.

"Ulikunywa," alisema.

"Nilikunywa, lakini niliwaza tena, injini ikifa sisi—"

"Kaka. Ulikunywa."

Nilimweleza habari za pistoni. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza kama habari hizo nilizipata leo au nilikuwa nazo jana mbele ya chungu. Nikasema jana. Akampa fundi lile bomba, akasema labda litamfaa mtu mwingine.

Nimelirudia daftari langu la siku zile mara nyingi kuliko inavyofaa. Ukurasa wa usiku ule nimeandika: "Naogopa injini." Chini yake kuna neno nimelikata kwa mistari mitatu, lakini ukiinua karatasi kwenye mwanga bado linasomeka: "Atanizidi." Sitaki kusema kwamba hiyo ndiyo sababu ya kweli na ile ya injini ni uongo. Naamini zote mbili zilikuwepo. Ipi ilinipandisha baiskeli, sijui.

Mama hakunikaripia. Alisema tu, "Ungeuacha mrija, tungekuheshimu." Baba mdogo tangu hapo hakuniita tena kwenye shauri lolote, na sikumlaumu.

Mdogo wangu aliendesha wiki tatu zaidi, akitimiza kila safari, akiwasalimu abiria kama kawaida. Halafu akanikabidhi ufunguo mbele ya mama ili isisemwe kwamba ametoroka, akaenda Kibondo kuendesha malori ya kupeleka chakula makambini. Niliajiri dereva, kisha mwingine. Mwishowe niliiuza pikapu, nikampelekea sehemu yake, akaipokea.

Nimewauliza mafundi wengine. Mmoja aliniambia injini ile ingepasuka ndani ya msimu mmoja. Mwingine aliniambia amezifunga tabo nyingi za namna ile na bado zinapanda. Wote wawili walikuwa mafundi wazuri.

Mimi na mdogo wangu tulikutana miaka michache baadaye hospitali Kabanga, mama alipolazwa. Alinipa shikamoo safi, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja. Tulikaa kwenye benchi la nje tukingoja saa ya kuona wagonjwa. Nikamwambia nilichokuwa nimekibeba njia nzima kutoka nyumbani: kwamba nimepata nafuu ya fedha, tununue gari lingine, lenye nguvu zake tangu kiwandani, yeye aendeshe na aamue yeye.

Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Na siku tukitakiwa kuamua pamoja," alisema, "nitajuaje kwamba umekubali?"

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Akainuka kwanza, akanishikia mlango nipite kwa sababu mimi ni mkubwa, nami nikapita.