Wino kwenye Kidole cha Mama

Jumapili ya Oktoba, manyunyu tangu asubuhi hapa Kingstanding, mtaa wetu wa ughaibuni.

Dada yangu Wambui ametuma picha kutoka Kanada, ambako wanakaribia kuchagua madiwani wa mji wao. Mbele ya nyumba yake kuna mabango mawili kwenye nyasi: lake la mgombea mmoja, la mumewe la mpinzani. Na wanaishi tu pamoja.

Nikakumbuka alasiri mama aliporudi kutoka kupiga kura. Jikoni kulinuka mafuta ya taa. Baba alikuwa ametangaza, "Nyumba hii ina mgombea mmoja," lakini nilikuwa nimemsikia mama akimnong'onezea jirani kwamba kura yake atampa yule mwingine. Sasa kidole chake kilikuwa na wino wa zambarau, nami, mtoto bado, niliamini kila mgombea ana rangi yake. Baba angeona, angejua. Nikachukua stilwaya ya kusugulia sufuria na sabuni ya unga, nikakisugua.

"We Ciku, wataka kunichuna?"

"Utoke kabla baba hajaja!"

Mama alicheka.

Baba akaingia, kidole chake zambarau vilevile.

"Kumbe mmechagua mmoja!" nikapiga kelele. Wakatazamana, wala hakuna aliyenisahihisha. Labda nimesahau mengine, lakini niwape haki yao: jioni ile hawakugombana.

Leo nimemwonyesha mume wangu picha ya Wambui, nikamwuliza kama nasi tungeweza.

"Nyasi zetu hazitoshi mabango mawili," akasema, akachukua chapati nyingine. Tulikula na ndengu.