Msimu Baba Alipokula Jikoni

Moshi wa kuni mbichi na harufu ya nyasi za paa zilizoloa. Hivyo viwili vikikutana puani mwangu hata leo, nasimama hapo nilipo na kusahau nilikuwa naenda wapi. Nilizaliwa nje kidogo ya Siakago, kule Mbeere, nchi ya jua na vumbi, ambako mvua ikikosa hukosa kabisa, na ikija haijui kiasi. Mwaka ninaousema ilikuja hivyo. Nilikuwa msichana wa kuchunga ndama na kubeba wadogo zangu mgongoni. Mchwa walikuwa wameshakula nguzo ya katikati ya nyumba ya baba, kwa ndani, bila mtu kujua, na mvua ikamaliza kazi. Asubuhi moja nyumba ile ililala chini polepole kama ng'ombe mgonjwa, baba akiwa amesimama uani anaitazama. Alichomoa kiti chake, blanketi na panga kutoka kwenye matope, akaja jikoni kwa mama.

Kijana wa leo hataona hapo kuna habari gani. Lakini kwetu mwanamume alikuwa na nyumba yake, tunaiita thingira. Huko ndiko alikolala, ndiko alikopokea wageni, na chakula kilimfuata huko huko. Jikoni kulikuwa kwa mama, watoto na mbuzi wachanga. Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Niliweka bakuli, nikarudi. Mpaka mwaka ule sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akitafuna.

Siku za kwanza alikaa karibu na mlango, uso nje, kama mtu anayengoja kuitwa. Mama hakumsemesha sana, alisogeza tu kuni ili pawe na nafasi. Baridi ndiyo iliyomsukuma hadi motoni. Halafu mvua ilipopumzika kidogo, kumbikumbi wakatoka ardhini kwa wingi, tukawaokota, na baba akashika kigae cha chungu akawakaanga mwenyewe. Akatugawia mmoja mmoja mikononi, akasema, "Wazazi wao walikula nguzo yangu. Acha nami nile watoto wao." Mama alicheka hadi akaweka mwiko chini. Siku hiyo ndipo nilipojua mama ana pengo upande wa kushoto, kwa sababu hakuwahi kucheka kinywa wazi namna ile mbele yangu.

Baada ya hapo alizoea. Tulipoambua kunde naye aliambua, vibaya, maganda yakiingia kwenye sufuria, na mama akamuuliza kama anataka kutulisha kama mbuzi. Baba akamjibu, "Mama Wanja, kwani mimi nilioa mpishi au nilioa hakimu?" Wanja ni mimi. Walikuwa wanasemezana hivyo jioni nzima, na sisi watoto tunasikiliza kama watu waliolipia kiingilio. Ndugu yangu Njiru alikuwa na kigugumizi, na kilimshika zaidi akiwa mbele ya baba. Zamani baba alimwambia aseme kama mtu au anyamaze. Pale motoni hakumwambia hivyo. Alingoja huku mikono yake ikiendelea na kunde, na Njiru akimaliza sentensi, anamjibu. Kufikia mavuno ya mawele, kigugumizi kilikuwa kimeanza kumwachilia.

Sasa sikiliza jambo moja. Kwetu mwanamume hukata miti na kusimamisha nguzo, lakini nyasi za kuezeka hukatwa na wanawake. Bila nyasi za mke, nyumba ya mume hubaki mifupa. Baba alisimamisha nguzo zake mapema, mvua ikaisha, nyasi za mlimani zikageuka rangi ya simba. Baba akauliza. Mama akasema bado ni mbichi, akiezekea hizo zitaoza. Majirani walikuwa wanashusha matita kila siku. Mama alinichukua hadi mlimani, akashika bua, likavunjika mkononi mwake kwa sauti, akaniangalia machoni, akasema, "Bado." Sikwenda shule sana, lakini sikuwa mjinga. Na baba alipita mlima ule na mbuzi wake asubuhi na jioni, naye ana macho. Aliuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi. Halafu akaacha kuuliza. Sisi watoto tukaanza kuamini kwamba mambo yatabaki hivyo.

Ndipo akaja kaka yake mkubwa. Alimkuta baba amepiga magoti anapuliza moto, jivu kwenye paji la uso. Hakuingia. Alisimama mlangoni akasema, "Nilikuja kumwona ndugu yangu. Nimekuta mashemeji wawili." Akaenda zake. Siku ya soko aliyarudia maneno hayo mahali wazee wanakunywa pombe, na baba yupo hapo hapo, wakacheka wote. Baba aliporudi alikaa nje, mgongo kwetu. Kisha akasema, "Mama Wanja. Nyasi."

Mama akasema, "Zimekauka."

Tulizikata, na matita mengine niliyabeba mimi, kamba ikinikata kichwa. Nyumba ikaezekwa vizuri sana, watu wakaisifu. Nikaanza tena kupeleka bakuli ng'ambo ya uwanja. Kigugumizi kilimrudia Njiru, akazeeka nacho. Mama alipika kama kawaida na hakulalamika hata mara moja, na wakaishi hivyo, yeye huku, baba kule, hadi kifo. Hakuna aliyefanya kosa. Ndiyo maana hakuna wa kulaumu.

Mimi nilitoka pale na darasa la tatu na mgongo wenye nguvu. Niliuza ndengu, sikubebwa na mtu, na leo nina nyumba ya mawe Kaaga. Nilimwambia fundi asijenge ukuta kati ya jikoni na sebule, pawe mahali pamoja, meza moja, tule wote. Fundi alibisha, nikamwambia hela ni zangu. Ukuta haukujengwa. Marehemu mume wangu alikula miaka yote akiwa ameelekea redio. Nasikia watu wakisema furaha ya nyumbani ni rahisi, eti ni kutaka tu. Mama yangu alitaka. Nafikiri hata baba alitaka.

Mwanangu wa pili ana jina la baba yangu, ndiyo desturi, na kwa hiyo tangu azaliwe namwita Baba. Anaishi Kinoru na familia yake. Jumapili nilimtembelea. Mkewe na watoto walikuwa jikoni wanamenya viazi, wanachekea kitu fulani hadi mmoja akashikwa na kwikwi. Yeye yuko kwenye kochi na simu. Nikamwambia, "Baba, nenda ukae nao."

"Huko ni kwa akina mama," akasema bila kuinua macho. "Wataniletea."

Nikamwita tena, "Baba." Akadhani nataka chai, akapaza sauti kuelekea jikoni kwamba nyanya aletewe kikombe.