Muhogo Ulionyeshewa

Siku mvua ya kwanza ilipoulowesha muhogo wa mke wangu, mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka hapo, nikimweleza jirani jinsi hali ya hewa ya dunia nzima ilivyoharibika. Nilieleza vizuri sana. Nilianza na barafu za kaskazini, ambazo sijawahi kuziona, nikashuka hadi kwenye misitu, nikazilaumu nchi tajiri moja baada ya nyingine. Wingu la hapa kwetu Kamina halikuwamo katika hotuba yangu, kwa hiyo lilijitegemea.

Mimi ni mtu wa upeo mpana. Nilimaliza sekondari wakati diploma yake ilikuwa bado inaogopwa, nikafanya ukarani relini, na tangu nistaafu kazi yangu ni kuisimamia dunia kutoka kwenye kiti kilichoegemea ukuta wa jikoni, redio magotini. Ni kazi nzito, haina likizo. Mke wangu, maskini, alibaki na mambo madogo: maji, makaa, shamba, na mimi. Kila jioni akileta bukari, ugali wetu wa muhogo, aliuliza, "Papa, leo dunia inaamuka namna gani?" Kwa miaka mingi nilidhani anataka kujua.

Muhogo ule haukuwa wa kula nyumbani. Mama wa mke wangu alikuwa amefariki huko Kabondo-Dianda, na siku ya kumaliza matanga ilikuwa imekaribia. Katika ukoo wao kila binti huja na bunga, yaani unga wa muhogo wa shamba lake mwenyewe, alioumenya, akaulowesha na kuukausha kwa mikono yake. Unga wa sokoni haukubaliwi. Unga wa mabinti wote hupikwa pamoja, ndugu wakala, ndipo marehemu huachwa apumzike. Na sufuria haiendi motoni kabla unga wa binti mkubwa haujafika. Binti mkubwa ni mke wangu.

Asubuhi ile aliutandaza muhogo kwenye turubai, ulikuwa umebakiza jua la siku moja tu, akajifunga kitambaa aende shambani kuchuma sombe, majani ya muhogo ya mboga. Aliniachia agizo moja.

"Wingu ikitokea upande ya reli, ingiza muhogo. Usingojee matone."

"Nimesikia, mama."

"Njo redio unasikia. Haiko minyi," akasema: naisikia redio, si yeye.

Jirani yangu huuza chumvi na samaki wakavu. Babu zake walikuja na misafara kutoka Maniema, na Kiswahili chake kina adabu kuliko changu. Tulikuwa tumefika kwenye nchi tajiri aliposimama ghafla na kutazama juu.

"Samahani, mzee, nikafunike chumvi yangu."

"Kaa! Ndiyo kwanza nafika kwenye jambo la msingi."

"Chumvi haijui jambo la msingi, mzee."

Akaondoka mbio. Nilimsikitikia. Ndiyo maana Afrika haiendelei, nilijiambia: mtu anauacha mjadala wa sayari nzima kwa ajili ya magunia ya chumvi.

Mke wangu alirudi amelowa, fungu la sombe kichwani. Alisimama mbele ya turubai lililokuwa limegeuka bwawa, vipande vyeupe vikielea. Aliyewahi kukausha muhogo anajua: ukilowa tena siku ya mwisho huota ukungu mweusi, hunuka, hata mbuzi huupa kisogo. Na muda wa kuanza upya haukuwapo.

Ningeweza bado kunyamaza. Watu wengi wameokolewa na kunyamaza. Lakini mimi nilimwekea mkono begani nikamwambia aangalie mambo kwa upana. Mbele ya umilele, muhogo ni nini? Upande wa Malemba watu wanawakimbia wenye silaha, wanalala porini na watoto, hawana hata turubai la kunyeshewa. Nilisema hayo kwa sauti ya upole, kama padri.

Hakupiga kelele. Alikamua pembe ya kitambaa chake.

"Bale bantu ya Malemba," akauliza, "njo balilowesha muhogo yangu?"

Kesho yake alikwenda Kabondo-Dianda na beseni tupu. Nilipotaka kumsindikiza alisema, "Baki. Dunia utaiachia nani?"

Matanga yakaisha. Hakurudi.

Nikajipikia bukari: nje jiwe, ndani unga mbichi. Redio ilinieleza yote kuhusu mkutano wa mataifa makubwa, ila haikujua chumvi ya nyumba yangu hukaa wapi. Nilipokuwa nikiitafuta niligundua kwamba bawaba ya mlango wa jikoni ilikatika zamani, naye aliifunga kwa kipande cha kitenge, na kitenge chenyewe kimekaa hapo hadi kimepoteza rangi. Ukuta ule ule ninaouegemea kila siku nikichambua usalama wa mipaka ya taifa.

Jirani aliniletea samaki.

"Mzee, redio haijajifunza kupika bado?"

"Ndoa ni jambo refu," nikamjibu. "Hupitia majira yake."

"Sawa. Lakini njia ya Kabondo inajulikana. Tafuta kuku, uende."

Nilipanda pikipiki, kuku akining'inia kwenye usukani, na barabara ile, Mungu aibariki, ilinipa muda wote niliohitaji wa kutunga hotuba. Kwa wakwe zangu, mume anayemfuata mkewe huweka kuku chini katikati ya kikao, miguu imefungwa kamba, kisha hulitaja kosa lake. Wakilisikia kosa, kamba hukatwa. Wasipolisikia, kuku hubaki pale pale akimtazama.

Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alikaa na shangazi yao mzee. Mke wangu alikaa pembeni akichambua maharagwe kana kwamba nimekuja kukusanya kodi.

"Shemeki, sema," akaniambia kaka.

Nilisema. Nilipitia asili ya ndoa, udhaifu wa Adamu, jinsi maisha ya kisasa yanavyozitikisa familia. Shangazi alisinzia nilipofika kwa Adamu.

"Wafwako, shemeki," kaka akanishukuru kwa Kiluba. "Unasema mambo ya bantu bote. Sasa weye, ulifanya nini?"

"Sisi binadamu ni viumbe—"

"Binadamu hakuoa dada yetu."

Shangazi akazinduka. "Anaisha kusema?"

"Bado, mama. Anazunguka inje ya nyumba."

Mke wangu akainuka. Nilidhani anakuja kunitetea. Alileta maji kwenye kifuniko cha sufuria, akamwekea kuku, akarudi kwenye maharagwe yake. Kuku alikunywa bila kupumua. Alikuwa juani tangu asubuhi, kichwa chini, na katika hotuba yangu yote hakukuwa na mahali pa kiu yake.

"Wingu lilitokea upande wa reli," nikasema. "Mke wangu alinitajia upande, nami niliutazama. Nililiona kabla jirani hajaliona. Nilitaka nimalize sentensi yangu kwanza."

Mikono ya mke wangu ikasimama ndani ya maharagwe.

"Uliona?"

"Niliona."

"Minyi nilifikiri haukuona. Nilisema, muzee, macho yake inaisha."

"Macho ni mazima. Niliona, kisha nikawaita watu wa Malemba waje wanisaidie."

Shangazi alichukua kisu akakata kamba, na kuku akaenda zake akichechemea.

"Kosa tunasikia," alisema yule shangazi. "Lakini bunga yake haikufika. Sufuria ya mama yake iliwashwa na bunga ya mudogo wake, na bantu bote baliona. Lete bunga. Ya mikono yako. Njo atarudia kwako."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amerudi kwenye maharagwe.

Kwa hiyo, na umri wangu huu, niling'oa muhogo katika shamba lake. Niliumenya, pamoja na vidole vyangu kidogo. Niliulowesha hadi ukalainika, nikautandaza kwenye turubai, nikakaa kando yake na fimbo ya kufukuzia mbuzi. Jirani akaja na kigoda chake.

"Mzee, umesikia waliyoyasema leo asubuhi kuhusu madini yetu? Maana mimi naona—"

Upande wa reli palikuwa na alama ya kijivu, ndogo kama doa la mafuta kwenye shati. Nilikwisha kushika pembe mbili za turubai. Jirani alishika nyingine mbili bila kuombwa, na madini ya taifa yakabaki peke yake uani. Mvua yenyewe haikunyesha. Tulitoa, tukaingiza, tukatoa tena.

Unga ulipofika Kabondo-Dianda, sikudhani umefuta chochote. Mama mkwe hafi mara ya pili ili mimi nipate kusahihisha. Waliupika, wakala. Kabla ya hapo mke wangu alikuwa ametia kidole katika unga, akakilamba, akafikiri.

"Iko na muchanga," akasema.

Kisha akaenda kufunga mzigo wake.

Tulitembea hadi barabarani kungojea pikipiki, yeye mbele, mimi nyuma na beseni lake kichwani. Barabara ilikuwa imeliwa na mvua, na nikaanza kumweleza kwamba tatizo la barabara katika nchi hii, ukilitazama tangu mwanzo wake—

"Shimo," alisema bila kugeuka.

Nikaangalia chini, nikalizunguka.