Friza kwa Jina la Ogutu

Mimi si mtu wa kuamini watu ovyo, na sioni haya kusema. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata nikiletewa chai ya bure, kabla ya kuinywa nitauliza sukari imetoka wapi. Nami nikimjibu, kwani kuuliza ni dhambi? Aliniachia nyumba ya vyumba sita hapa Bondeni, na miaka kumi na mitatu nimeilinda kwa kuuliza na kuangalia. Wapangaji wamekuja na wamekwenda, wakweli kwa waongo, na wote nimewakalia macho.

Kache alikuja kwangu miaka saba iliyopita, akitokea kwao Kaloleni, na mkoba mmoja wa nguo na sanduku la plastiki la kuwekea barafu. Kazi yake ilikuwa juisi ya ukwaju na ya bungo. Alfajiri akishanunua barafu, huiponda kwa nyundo pale uani, akapanga chupa zake, akaenda kuwauzia wachukuzi na wauza mboga wa Marikiti. Mpaka saa nne mambo ni mazuri. Jua likikaza, barafu yote imekuwa maji, na juisi ya moto nani ataitaka? Hurudi nyumbani na nusu ya chupa. Nimemwona si mara moja akimwaga ukwaju kwenye mtaro huku amegeuza uso, na wallahi nilimhurumia.

"Lau ningekuwa na friza, Bi Shifa," alikuwa akiniambia, "ningeuza hadi magharibi, na barafu yenyewe ningeiuza."

Friza yataka pesa za mkupuo, na Kache mkupuo hana. Kuna maduka yanayotoa vyombo kwa mkopo, unachukua leo unalipa kila mwezi. Alikwenda mawili. Kote aliulizwa karatasi ya mshahara, akasema yeye hujilipa mwenyewe, wakamcheka kidogo kisha wakamwonyesha mlango.

Sasa, katika chumba cha tatu alikuwa akikaa Ogutu, karani wa bandarini, na mkewe Jacinta na mtoto wao mdogo Elvis. Kazi ya Ogutu ilikuwa kukagua makaratasi ya mizigo, aone kama kilichoandikwa ndicho kilichoshuka melini. Mtu mpole, viatu vinang'aa, na kodi yake hailali. Siku hiyo Kache alikuwa akimhadithia Jacinta habari za yale maduka, wamesimama bombani, Ogutu akatoka chumbani mwake.

"Dada, chukua kwa jina langu," akasema. "Wao watanikata kwenye mshahara, na wewe utanirudishia mimi. Nimeshauliza mfanyakazi mmoja wa duka. Ni elfu tatu na mia sita kwa mwezi, miezi ishirini na minne, basi."

Nilikuwa dirishani nikichambua mchele. Nikajiuliza, huyu si ndugu yake, si kabila lake, hawasali pamoja. Anamkopea kwa nini? Nilingoja Kache amuulize swali hilo. Badala yake alishika mikono ya Jacinta akalia kwa furaha, na baada ya wiki friza ikaja, nyeupe, ndefu kama mtu aliyelala, ikaingizwa chumbani kwake.

Nisiwe mwongo, ile friza ilimtengeneza Kache. Alianza kuuza mchana kutwa. Wauza samaki wakaja kununua barafu. Alinunua kitanda, akawa anatuma pesa kwa mamake kila wiki. Na kila tarehe tano alikuwa akibisha chumba cha tatu akimpa Ogutu elfu tatu na mia sita mkononi. Si risiti, si sahihi, si shahidi. Mimi nikiona hivyo mwili wanisisimka.

Nikaanza kumchunguza Ogutu. Miezi michache baada ya friza kuja, aliacha kupanda gari, akawa anakuja kwa miguu kutoka bandarini, shati limelowa jasho. Nikajiambia, huyu ana mahali anapitia. Kisha Jacinta akaanza kufulia watu nguo. Mke wa karani wa bandari, anafua mashuka ya watu? Nyama iliyokuwa ikinukia kwao kila Jumapili haikunukia tena. Mtu mwingine angesema hawa wamepatwa na shida. Mimi nilisema wanajifanya maskini ili tusiwashuku, na nilijiona mwerevu kweli kweli.

Mwezi wa kumi na nne tangu friza ije nikavaa buibui langu nikaenda kwenye lile duka, nikajifanya mnunuzi. Nikaulizia friza kama ile ile, pesa taslimu. Elfu arobaini na nane. Nikarudi nyumbani, nikachukua kalamu, nikapiga hesabu ya Kache. Elfu themanini na sita na mia nne. Nilimwita chumbani kwangu na kufunga mlango.

"Mwanangu, friza ni elfu arobaini na nane. Wewe walipa zaidi ya themanini. Hizo nyingine zaenda wapi?"

"Si ni mkopo, Bi Shifa. Mkopo una nyongeza."

"Nyongeza gani ya kukaribia friza ya pili? Huyo bwana anakula pesa zako. Umeshawahi kuiona karatasi?"

Hakuwa ameiona. Kache alisoma mpaka darasa la tano tu, na kila karatasi kwake ni kitu cha kutisha. Sikumwacha hapo. Kila alipopita nilimtupia neno. Umeiuliza? Bado? Haya, endelea kumjengea nyumba kwao. Nilifanya hivyo wiki nzima, mpaka nikaona uso wake umebadilika.

Tarehe tano iliyofuata alibisha chumba cha tatu na mikono mitupu.

"Baba Elvis, niletee karatasi ya duka niione, ndipo nikupe."

Nilikuwa nimesimama ukumbini, nasema kweli, nilitaka kumwona Ogutu akibabaika. Na alibabaika. Alitazama chini, akashika kitasa cha mlango, akasema, "Karatasi iko kazini, dada. Nitaileta."

Hakuileta kesho yake, wala wiki ile, wala mwezi ule. Mtu asiye na la kuficha atakosaje kuleta karatasi? Nikamwambia Kache asitoe hata shilingi. Akazuia mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Pesa akawa anaziweka kwenye simu. Ogutu hakudai. Wakikutana bombani humsalimia tu, "Hujambo dada," na kupita. Jacinta ndiye aliyeacha kusalimu.

Na hapa ndipo nilipopata ushahidi wangu mkubwa. Miezi mitano Kache hajalipa, na hakuna mtu wa duka aliyekuja kubisha. Nawajua watu wa mkopo mimi. Jirani yangu Ketty alichelewa wiki mbili tu, wakaja wakaondoka na televisheni watoto wakiitazama. Iweje friza ikae miezi mitano hailipiwi na hakuna aliyekohoa?

"Umeona sasa?" nikamwambia Kache. "Hakuna deni. Friza ilishalipwa zamani. Pesa zote za mwaka huu zilikuwa zake."

Kwa ile hesabu yangu hata nafsi yangu haikunipinga. Sikukumbuka jambo moja, na ni jambo ambalo mtoto wa shule angelijua. Mshahara ukikatwa, hukatwa kabla haujafika mkononi. Watu wa duka walikuwa wakilipwa kila mwezi. Wangekuja kubisha kutafuta nini?

Jumamosi moja asubuhi nikasikia magurudumu nje. Mkokoteni umesimama mlangoni pangu, na hamali anafungua kamba. Ogutu alikuwa amelipa kodi mpaka mwisho wa mwezi na hakuniambia anahama. Nikapiga kelele, "Kache, toka, friza yako yaondoka."

Kache alitoka mbio na nyundo yake ya barafu mkononi, akasimama mbele ya mlango wa chumba chake. Mimi nikasimama mlango wa nje, nimetanua mikono. Wapangaji wakatoka, na wapita njia wakasimama. Ogutu alikuwa amebeba godoro kichwani, akalishusha polepole.

"Mama, niache nipite."

"Hupiti. Friza hiyo ina jina lako, na leo wahama kimya kimya kama mwizi. Kwanza toa karatasi. Toa hapa, watu wote waone ulivyomfanya mtoto wa watu."

"Mama, si mahali pa maneno hayo."

"Ndipo hasa."

Aliyejibu ni Jacinta. Alitoka ndani na mfuko wa plastiki, akapenya katikati ya watu, akanitilia karatasi mkononi.

"Soma wewe," akaniambia. "Na usome kwa sauti, vile ulivyotuita kwa sauti."

Nikavaa miwani. Nilianza kwa sauti kubwa, maana nilikuwa na hakika. Jina la Ogutu, ndiyo. Friza, ndiyo. Bei, elfu arobaini na nane, nikawatazama watu. Kisha bima. Kisha ada ya kushughulikia mkopo, kisha ada ya kuleta, kisha riba, kila moja na mstari wake wa herufi ndogo. Na chini, makato ya kila mwezi. Nikaisogeza karatasi karibu na macho.

"Endelea, Bi Shifa," Kache akasema nyuma yangu. "Ni ngapi?"

"Elfu nne na mia tisa."

"Kwa mwezi?"

"Kwa mwezi."

Jacinta akatoa karatasi za mshahara, moja baada ya nyingine, akawa ananiwekea juu ya ile ya kwanza. Elfu nne na mia tisa. Elfu nne na mia tisa. Miezi kumi na tisa, bila kuruka hata mmoja, hata ile mitano ambayo mimi nilimzuia Kache asilipe. Mikono yangu ilikuwa imejaa karatasi na sikujua nizipeleke wapi.

Ogutu alizungumza akimtazama Kache peke yake.

"Yule wa dukani aliniambia elfu tatu na mia sita, dada, na mimi nikakwambia hivyo hivyo. Kisha nikatia sahihi bila kusoma. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma karatasi za watu. Mwezi wa kwanza nilipoona kiasi walichokata, niliona aibu. Neno lilikuwa langu, nikaamua tofauti niibebe. Ungeiona karatasi ungetaka kulipa yote, na biashara yako ilikuwa bado changa."

"Na sasa waenda wapi, Baba Elvis?"

"Ng'ambo ya Makupa. Kuna chumba cha bei nafuu. Friza ni yako, mimi siigusi. Imebaki miezi mitano, nayo watakata wenyewe."

Kache aliweka nyundo chini. Akatoa simu kwenye kanga, akabonyeza na kubonyeza huku machozi yanamdondoka kwenye kioo. Simu ya Ogutu ikalia mfukoni, wala hakuitoa kutazama. Zilikuwa ni zile elfu kumi na nane za miezi mitano, zote alizozuia. Akamwambia nyingine atazileta mwenyewe kila mwezi, kwa elfu nne na mia tisa, na ile tofauti ya nyuma pia, hata ikimchukua miaka. Kisha akaingia chumba cha tatu, akabeba ndoo na jiko lao, akavipakia kwenye mkokoteni. Alibeba mpaka kitu cha mwisho. Mimi nilikuwa bado mlangoni, ikabidi wanipitie ubavuni kila mara, na hakuna aliyeniambia niondoke.

Nilimwambia Ogutu, "Nisamehe, mwanangu." Akasema, "Yamekwisha, Mama," kwa adabu ile ile ya siku zote. Jacinta hakunitazama. Nilitaka kumrudishia kodi ya siku zilizobaki za mwezi, nikakimbilia chumbani kuchukua pesa, niliporudi mkokoteni ulikuwa umeshakata kona.

Nilikaa siku nyingi nikijitetea moyoni. Angeonyesha karatasi mapema, si yangeisha? Mtu hufichaje wema kama anaficha wizi? Lakini sikuweza kujidanganya. Yale mambo niliyoyachunguza, kwenda kwa miguu, kufua, kukosa nyama, niliyaona yote kwa macho yangu haya, kila siku, na nikachagua kuyaita ujanja. Najuta, na majuto hayo hayanipi usingizi mzuri.

Kache hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Asubuhi hunisalimu, "Shikamoo Bi Shifa," akaendelea na kazi yake. Jumamosi hufunga safari kwenda ng'ambo na chupa mbili za ukwaju baridi za Elvis.

Mwisho wa mwezi alikuja kuleta kodi. Miaka saba amekuwa akija, anaketi mkekani pangu, anahesabu, tunakunywa kahawa, tunacheka. Nilikuwa nimeshatia kahawa vikombe viwili. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akahesabu noti mbele yangu moja moja, akanipa, kisha akabaki amenyoosha mkono.

"Niandikie risiti, Bi Shifa," akasema. "Na uandike tarehe."