Vita vya Konokono Sebuleni kwa Dada

Mwaka nilipomaliza kidato cha nne nilienda kukaa kwa dada yangu mkubwa Kitale, nikaikuta bahari sebuleni kwake. Ilikuwa ndani ya tangi la kioo lenye urefu wa kochi. Daktari mmoja jirani, aliyelitunza miaka mingi, alikuwa amehamia ng'ambo, akamwachia dada kwa sababu ndiye aliyekuwa akienda kwake kila jioni kuuliza maswali. Dada alikuwa mwalimu wa baiolojia. Alipewa tangi, taa, pampu, magunia ya chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari, na maagizo mengi ya mdomo. Maji yenyewe tulikinga ya mvua, na Kitale mvua haina shida. Stima ikipotea, tulipokezana kukoroga kwa mwiko ili samaki wapate hewa.

Mule ndani mlikuwa na matumbawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na yule tuliyempenda kuliko wote: chaza mkubwa kama viganja viwili vilivyokutanishwa. Taa zikiwaka alifungua midomo yake, akatuonyesha nyama ya buluu yenye madoa ya kijani. Watu walikuja kutazama mpira kwenye televisheni wakaishia kumtazama yeye.

Kisha akaanza kufunga. Kwanza alifungua nusu, halafu ufa tu, kama mtu anayechungulia mlangoni. Dada alipomtoa na kumgeuza kwenye beseni, tuliona vitu vyeupe vimejipanga kwenye ukingo wa gamba lake, vidogo kama punje za mchele. Nilidhani ni mchanga. Punje moja ikasogea.

Walikuwa konokono. Dada alikimbia saiba mjini kusoma mtandaoni, akarudi na habari kwamba konokono wale humfyonza chaza taratibu mpaka afe, na kwamba wanapenda giza. Mume wake, ambaye aliuza mbegu na dawa za mashamba, alisema kwa nia njema kabisa kuwa dukani kulikuwa na dawa ya konokono, na kazi ingekwisha kabla ya chakula cha jioni. Dada alimtazama kama aliyependekeza kuchoma nyumba.

"Ukimwaga dawa humo," alisema, "unaua bahari yote."

Basi tukaanza kuwinda. Tulifunika tangi kwa blanketi nzito mchana kweupe, tukakaa kimya tukiwadanganya kwamba jua limetua. Baada ya muda dada alinyanyua kidole, shemeji akavuta blanketi, nami nikaingiza mkono na kibano. Wallahi moyo ulinidunda kama niko fainali. Konokono walikuwa wametoka wamejaa kwenye midomo ya chaza, nikawang'oa mmoja mmoja huku dada akinielekeza na shemeji, aliyekuwa amesahau dawa yake, akishika bakuli. Chaza tulimsugua kwa mswaki laini chini ya gamba, mahali walipotaga mayai yao kama ute. Tulilala tukiwa washindi.

Wiki iliyofuata punje zilirudi. Tukawinda tena, zikarudi tena. Yule chaza hakufungua hata ufa.

Dada alimpigia simu mtu wa Mombasa aliyekuwa akimuuzia daktari samaki. Akamwambia yupo samaki mdogo mwenye mistari anayekula konokono wale, angemtuma kwa basi linaloishia Bungoma. Mama yetu aliishi pale Bungoma, kwa hiyo nilienda kulala kwake, na asubuhi tukafuatana mpaka ofisi ya basi. Tulipewa boksi zito. Ndani mlikuwa na mfuko wa plastiki umejaa maji na hewa, na chini kabisa, samaki wa urefu wa kidole amelala upande.

"Ati hii boksi yote ni ya huyu?" mama aliuliza. Alipoushika mfuko akaacha kucheka. "Maji imekuwa baridi. Huyu mtoto anagonjeka."

Alifungua sweta yake, akaufunga mfuko kifuani kwa leso, akapanda gari la Kitale pamoja nami, na malapa yake miguuni, bila kumuaga mtu yeyote nyumbani. Njia nzima alikuwa akichungulia ndani ya leso. Tulipopita Ndalu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba samaki amepiga mkia. Nilitamani kumwomba dereva aongeze mwendo.

Dada alitupokea mlangoni. Aliuacha mfuko uelee kwenye tangi, akawa anaongeza maji kidogo kidogo kwa kikombe, kisha akamwachilia samaki. Naye alijipenyeza kati ya mawe, akapotea. Siku hiyo hatukumwona tena, wala iliyofuata. Dada alianza kusema amekufa. Mama alikataa. Alivuta kiti mbele ya kioo na kusema harudi Bungoma kabla hajamwona mtoto wake akila.

Tulikuwa jikoni alipotuita. Hakupaza sauti, alisema tu, "Kujeni pole pole."

Samaki alikuwa ametoka. Mistari yake iling'aa kama amepakwa mafuta. Alimzunguka chaza, akasimama, akazungusha jicho moja, kisha akadonoa. Punje nyeupe ikatoweka. Akadonoa nyingine. Dada alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma, na shemeji alikuwa akinong'ona, "Hapo chini bado mmoja, hapo chini," kana kwamba samaki anamsikia.

Mama alikaa kwetu mpaka asubuhi ile chaza alipofungua midomo yote, buluu ikajaa tangini. Dada alichelewa kazini siku hiyo, na alipofika aliongea juu ya chaza darasani mpaka kengele ikalia. Jumamosi akawaleta wanafunzi wake. Walivua viatu mlangoni, wakajipanga mbele ya kioo, wakaniuliza bahari ikoje huko iliko. Mimi nilikuwa sijawahi kufika hata Nakuru, lakini nilisimama kando ya tangi nikawaeleza kila kitu, kama mtu aliyezaliwa Lamu.