Mlinzi wa Pochi

Jumanne asubuhi mke wangu alirudi nyumbani na gauni lenye mkono mmoja. Alikuwa amekwenda kulichukua kwa fundi, akakuta baraza limejaa watu na cherehani limefunikwa khanga. Akalitandika gauni kwenye kochi, akakaa pembeni yake kama amekaa na mgonjwa, akasema, "Fundi amefariki." Kifua kilimbana Jumamosi, wakamkimbiza hospitali, hakurudi. Mimi, ambaye hupata mkate wangu kwa kutafuta maneno, nikauliza swali la kijinga kuliko yote: "Na mkono wa pili?"

Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wetu, huku nyuma ya Keko, mwanamke wa kutoka Masasi mwenye sauti kubwa na mzaha mkubwa zaidi. Polio ilimwachia mguu wa kulia mwembamba tangu utotoni, akawa anatembelea gongo moja. Watu wakimpita walipenda kusema "hujafa hujaumbika", methali ambayo sisi wenye miguu miwili huisema kwa sauti ya huruma huku tukijiombea wenyewe. Yeye alikuwa anaijibu: "Mie niliumbika zamani, mama, nasubiri hela yangu tu ya gauni lako."

Wasomaji wangu mnazijua shughuli zetu. Hakuna harusi bila sare, na katika mtaa wetu hakuna sare ambayo haikupita kwenye cherehani lake. Kina mama walimletea vitenge kwa mafurushi, rangi moja, mishono kumi na moja, na kila mmoja akitaka wake uonekane kuliko wa mwenzake. Siku moja nilipokwenda kumfuatia mke wangu suruali, fundi akaniambia, bila kuinua macho: "Shemeji, mie nakijua kiuno cha kila mwanamke wa mtaa huu, hata vile wanavyowaficha waume zao. Lakini hajatokea wa kuniambia, fundi, na kitenge chako kata hapo hapo."

Nikamwuliza, kwa akili ya chuo kikuu, kwa nini asinunue kitenge kama hicho Kariakoo akajishonea. Akacheka mpaka akatoa pini mdomoni. "Sare hainunuliwi, shemeji. Sare unaambiwa."

Hivyo mwaka huu, mama mmoja jirani alipomwozesha binti yake, akamletea fundi furushi la vitenge na kusema, "Na chako kimo," habari ile ilifika nyumbani kwetu kabla ya chakula cha mchana. Binti huyo fundi alimshonea sare za shule tangu darasa la kwanza. Jioni kina mama walipokuwa wanafanya mazoezi ya kuingia ukumbini na zawadi kichwani, yeye alifanya ya kwake barazani, gongo likigonga sakafu. "Mguu mmoja unacheza, mwingine unashangilia," alimwambia mke wangu. "Ila wewe kaa nyuma yangu. Nataka kuingia na foleni. Kushangilia kwenye kiti nimeshangiliaga vya kutosha."

Ukumbi ulikuwa Sinza. Foleni ilijipanga mlangoni, fundi akiwa katikati, amependeza kiasi kwamba hata mimi, nisiyejua tofauti ya kola na pindo, niliona. Ndipo akaja mwenyekiti wa kamati. Ningependa kuwaambia alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia safu hii. Ni mama mwema, wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Akamshika fundi bega.

"Dada fundi, wewe usijichoshe. Nimekuwekea kiti kizuri pale mbele, karibu na feni. Utushikie na pochi."

"Naweza, dada."

"Unaweza sana, mpenzi. Lakini kukiwa na msukumo ukaanguka, tutasema nini?"

Na tayari alikuwa anaongozwa kwenye kiti. Pochi ya kwanza ikatua mapajani mwake, ya pili, ya tano. "Asante fundi wangu." "Uiangalie hiyo, ina simu." Zikapanda hadi kifuani, na ile sare aliyoisubiri miaka yote ikafunikwa, haikuonekana.

Nikainuka. "Lete mie nishike, wewe nenda."

Kina mama wakaangua kicheko. "Shemeji! Pochi za wake za watu? Unatafuta nini humo?" Mshereheshaji, ambaye hulipwa ili asikose jambo, akadakia kwenye kipaza sauti: "Kina mama, kuweni macho, kuna mzee huku mbele anakusanya pochi!" Ukumbi mzima ukacheka. Kicheko kilipoisha, muziki ulishapigwa na foleni ilikuwa inaingia. Fundi naye alikuwa anacheka. Akanivuta shati. "Kaa, shemeji. Usinifanye nionekane zaidi." Nikakaa. Tukashangilia.

Niliwahi kuandika katika safu hii, tena kwa ukali, juu ya majengo yenye ngazi na yasiyo na njia ya mteremko. Ukumbi ule ulikuwa na njia ya mteremko, nzuri, yenye vigae. Ngazi ninajua nimlalamikie nani. Feni, kiti kizuri na neno "mpenzi" nitavilalamikia kwa nani? Hakuna aliyemfukuza. Kila mtu alimpenda, na kila aliyempenda alimsogeza pembeni kidogo.

Tumemzika Alhamisi. Kina mama walikubaliana kuvaa sare ile ile, ya mwisho aliyowashonea, na mama wa bibi harusi yule akahakikisha fundi naye amevikwa ya kwake. Ulipofika wakati wa kuweka mashada, waliitwa wapange foleni. Wakajipanga, kisha nikawaona wamesita. Kila mmoja alikuwa na shada mkononi na pochi begani, na wengi waligeuka upande, kwa mazoea tu, kutafuta pa kuiweka. Mwenyekiti wa kamati alibaki ameinyoosha ya kwake hewani, akaanza kulia. Nilikuwa nimesimama pale pale, mikono mitupu. Safari hii hakuna aliyenitania, wala hakuna aliyenipa pochi.

Funzo ni dogo na limechelewa. Mtu akikwambia "naweza", mazungumzo yamekwisha: chukua pochi yako, sogea, mpe nafasi kwenye foleni. Akianguka, mtamwinua, kama mnavyoinuana nyie kwa nyie kila harusi. Naliandika bila matumaini makubwa. Jumamosi kuna harusi nyingine, mke wangu ameshaambiwa sare, na anauliza mtaa mzima ni nani sasa atakayeishona.