Siku Mama Alipopanda Darini

Harufu ya mpira unaoungua hunitoa popote nilipo. Juzi tu jirani yangu aliunguza waya wa pasi, na kabla hajamaliza kunieleza, mimi nilikuwa nimeshafika Dongobesh, kwenye nyumba ya babu, nimekodolea macho dari.

Nyumba ile ilikuwa kongwe kuliko baba yangu. Waya zake za umeme zilipita darini, na huko huko darini ndiko tulikohifadhi mahindi, kwa hiyo panya walikuwa wameshiba kutuzidi sisi. Walichobakiza panya kilimalizwa na joto la bati na moshi wa jikoni. Ganda la waya lilikauka na kupasuka, ukiligusa linapukutika na shaba inabaki wazi. Jioni moja ile harufu ilitokea juu ya kitanda nilicholala na mdogo wangu. Mama alisimama pale akinusa, na tangu siku hiyo tukahamia chumbani kwake.

Mama alisomea ufundi wa umeme kabla ya kuolewa. Kila mtu pale nyumbani alijua, na hakuna aliyelitaja. Babu, baba mkwe wake, alikuwa mtu mwema lakini mgumu kwelikweli: atatafutwa fundi. Mkwe hapandi juu ya kichwa cha baba mkwe, basi. Fundi akawa wa kesho na keshokutwa, na baba alikuwa kazini Mogitu, harudi mpaka mwisho wa mwezi.

Mama akangoja siku ya mnada. Babu alipotokomea na fimbo yake, mama alizima meni swichi ya nyumba nzima pale sebuleni, akaegemeza ngazi chumbani, akapanda na koleo, kisu na tepu nyeusi ya umeme. Waya zilizooza angezikata aunge mpya, zilizochubuka angezizungushia tepu. Mimi aliniweka chini ya swichi. Mtu yeyote asiiguse, alisema, na babu asijue. Hatukufikiria, yeye wala mimi, kwamba maagizo hayo mawili yangeweza kugombana.

Nilisimama kifua mbele kama mlinzi wa benki. Huko juu nilisikia mahindi yakisogezwa, magoti ya mama yakikwaruza mbao, kisu kikikwangua waya. Pakiwa kimya kidogo tu, roho inanipaa.

Babu alirudi mapema. Nilimsikia akikohoa uani, na juu kule kila sauti ikakatika. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa simu yake iliyoisha chaji. Ndugu yake wa Getanuwas alikuwa mgonjwa, naye alikuwa akingoja kupigiwa. Akachomeka chaja. Hakuna kitu. Akaangalia swichi.

"Nani amezima?"

Kumdanganya mzee sikuweza, kusema ukweli nilikatazwa, na kumshika mkono mtu aliyemzaa baba yangu ni jambo ambalo halikuwahi hata kunipitia kichwani. Nilijibana ukutani mbele ya ile swichi. Akanisogeza begani, taratibu, kama anavyosogeza ndama. Nilijua mama ameshika shaba tupu. Nilijua pia kwamba anatusikia, na nikamchukia kwa ule ukimya wake. Mkono wa babu ukainuka, kidole kikafika kwenye swichi.

"Shikamoo, baba."

Sauti ilitoka darini, juu ya kichwa chake kabisa.

Babu aliganda. Vumbi la mahindi lilimdondokea kofiani. Aliutazama mkono wake, akaitazama dari. Lakini shikamoo haiachwi bila jibu.

"Marahaba, mama Paskalina," alisema. "Umeshika waya?"

"Nimeshika, baba."

Akaushusha mkono polepole, mpaka ukagusa koti. Kisha akaniinamia mimi Paskalina.

"Usibanduke hapa. Akija mtu kuwasha, mkatalie. Hata nikija mimi."

Akatoka, akaenda kusimama zizini kwenye manyunyu ya mvua. Hakuingia ndani mpaka mama aliposhuka na ngazi ikaondolewa.

Nilidhani amekasirika. Nililia nikiamini mama atarudishwa kwao kwa sababu yangu. Hakurudishwa. Jioni taa ziliwaka, tukala, na hakuna aliyegusia jambo lile, si siku hiyo wala baadaye.

Leo nami ni mkwe wa watu, na naelewa kwa nini alitoka. Mama asingeweza kushuka ile ngazi huku baba mkwe akimwangalia, kwa hiyo mzee alikubali kulowa ili ashuke na heshima yake. Nampenda sana babu kwa hilo. Lakini naelewa na lingine, ambalo bado linaniuma: ni heshima hiyo hiyo iliyomziba mama mdomo mpaka kidole kikagusa swichi. Ndiyo maana wanangu nimewaambia wazi, mkimwona mzee anakwenda kugusa kitu kitakachoua mtu, mshikeni mkono. Atakasirika, lakini mkwe wake atakuwa hai.